Kosa la nyota wa gofu, nani hakimu?

Desemba 2019, huko Bahamas, Patrick Reed alirudisha fimbo nyuma mara mbili akijipima kabla ya kupiga, na mara zote mbili kichwa cha fimbo kikakokota mchanga uliokuwa nyuma ya mpira wake. Kamera ikaona. Waamuzi wakamwongezea mikwaju miwili kwa kujipatia nafuu isiyoruhusiwa (katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye hushinda), na mashindano yalipoisha alikuwa wa tatu, mikwaju miwili hiyo hiyo nyuma ya mshindi, Henrik Stenson. Kwa upande wa kanuni shauri lilimalizika siku ile. Kwa watazamaji halijamalizika mpaka leo: wapo wanaomwita mwizi, wapo wanaosema amelipa deni, aachwe.

Ubishi wa aina hii unapozuka katika viwanja vyetu vya Uganda, Kitante, Entebbe au Jinja, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Watu hutia katika kapu moja mambo yasiyofanana hata kidogo: anayesogeza mchanga, anayevunja kabati kwa hasira, anayetumia dakika mbili kutazama mteremko wa grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), anayehamia ligi ya Wasaudi kwa ajili ya fedha. Wote huitwa "wasio na adabu" na mjadala unageuka kelele. Lakini kila kosa katika gofu lina hakimu wake na kipimo chake. Ukishajua kesi iko mbele ya hakimu gani, nusu ya ubishi inakwisha, na nusu inayobaki inakuwa na faida.

Hakimu wa kwanza ni mchezaji mwenyewe

Kwa sisi tuliolelewa na mpira wa miguu, hapa ndipo pagumu kuzoea. Mshambuliaji wa SC Villa akiugusa mpira kwa mkono na refa asione, hakuna anayemtarajia aende kumwambia. Kazi ya kuona ni ya refa. Katika gofu kazi hiyo ni ya mchezaji, na si kwa hisani yake: Kanuni ya 1.3 inamtaka ajue amekosa, aseme, na ajiongezee adhabu mwenyewe.

Sababu yake ni uwanja wenyewe. Mashimo 18 ya mashindano ya kulipwa yakiunganishwa huzidi kilomita 6, na mashindano makubwa kama U.S. Open ya Marekani huwa na wachezaji 156, watatu watatu, wametawanyika kote. Waamuzi ni wachache, husafiri kwa vigari, hufika wakiitwa. Mpira ukisogea kidogo katika nyasi ndefu, anayejua ni yule aliyeinama juu yake.

Bobby Jones alikuwa juu ya mpira wa namna hiyo mwaka 1925, kwenye U.S. Open iliyochezwa Worcester, Massachusetts. Akasema umesogea. Waamuzi waliuliza, na hakuna mwingine aliyeona. Akajiandikia mkwaju mmoja, akamaliza sare na Willie Macfarlane, kisha akashindwa katika raundi za ziada. Alipopongezwa alikataa sifa, akisema ni sawa na kumsifu mtu kwa kutovunja benki. Miaka 85 baadaye, mwaka 2010, Brian Davis alikuwa akipambana na Jim Furyk katika shimo la ziada, South Carolina. Fimbo yake ilipokuwa inarudi nyuma iligusa unyasi mkavu mmoja ndani ya eneo la adhabu, yaani sehemu ya maji na pembezo zake, ambako kugusa vile kulikatazwa wakati huo. Alimwita mwamuzi mwenyewe. Mikwaju miwili ikaongezwa, ushindi ukaenda kwa Furyk, na Davis hakuwahi kushinda shindano lolote la PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya kulipwa ya Marekani.

Ushahidi wa uhakimu huu ni kadi ya alama, na ni kadi hiyo inayowaangusha wengi. Mnabadilishana kadi kabla ya kuanza: mimi naandika alama zako, wewe zangu. Baada ya kila shimo tunaulizana. Mwishoni kila mmoja anasoma kadi yake shimo kwa shimo, aliyeandika anasaini, mchezaji anasaini, kadi inakabidhiwa. Wapya hupoteza muda kuhakiki jumla, ilhali kujumlisha ni kazi ya kamati. Wajibu wako ni idadi ya kila shimo. Ukisaini idadi iliyo juu ya uliyopiga, inabaki hivyo hivyo. Ukisaini iliyo chini, unaondolewa mashindanoni.

Roberto De Vicenzo aliyajua haya kwa uchungu kwenye Masters, mashindano makubwa ya Marekani, mwaka 1968. Shimo la 17 alipiga 3, mwenzake akamwandikia 4, naye akasaini bila kusoma. Alama ikabaki 66 badala ya 65, na nafasi ya kwenda raundi ya ziada dhidi ya Bob Goalby ikapotea. Februari 2024 Jordan Spieth alikosea upande wa pili: shimo la nne kule Riviera alikuwa na 4, kadi ikasema 3, akaondolewa. Hakuna aliyemwita mdanganyifu. Saini ilitangulia jicho, basi.

Kanuni haipimi moyo

Hapa tumrudie Reed. Wanaomtetea husema hakukusudia, na mwenyewe alilalamikia mahali kamera ilipokaa. Wanaomshutumu husema haiwezekani asihisi mchanga. Pande zote mbili wanabishania nia, na Kanuni ya 8.1, inayokataza kuboresha hali ya mahali unapopigia, haihitaji nia. Umesogeza mchanga ukapata nafuu, ni mikwaju miwili. Nia huanza kuwa na uzito kamati inapotaka kwenda mbali zaidi, yaani kumwondoa mtu kwa utovu mkubwa wa mwenendo chini ya Kanuni ya 1.2. Kwa hiyo anayesema "waamuzi walimsafisha Reed" amekosea, na anayesema "waamuzi walithibitisha ni mwizi" amekosea vile vile. Waamuzi walipima mchanga, basi.

Kosa lisilo na nia linaweza hata kumwangukia mtu vibaya mno. Mwaka 2017, kwenye ANA Inspiration, mashindano makubwa ya wanawake, Lexi Thompson aliweka mpira wake kwenye grini pembeni kidogo ya alama iliyoonyesha ulipokuwa kabla hajauinua. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili akiongoza, mtazamaji aliyekuwa nyumbani akatuma barua pepe. Katikati ya raundi ya mwisho Thompson akaambiwa ana mikwaju minne: miwili ya kuweka mpira mahali pasipo pake, miwili ya kusaini kadi yenye upungufu ambao hata hakuujua. Akashindwa na So Yeon Ryu katika shimo la ziada. Mwaka mmoja kabla, kwenye U.S. Open huko Oakmont, Dustin Johnson alicheza mashimo saba ya mwisho akijua kuna mkwaju unaoweza kumwangukia kwa sababu mpira wake ulitikisika kwenye grini ya tano. Ukamwangukia kweli, ila alishinda hata hivyo.

Malalamiko hayo mawili yalibadilisha vitabu. Kuanzia 2017 mpira unaosogea kwa bahati mbaya kwenye grini hauna adhabu, unaurudisha tu. Kuanzia Januari 2018 simu na barua pepe za watazamaji hazipokelewi tena, na mtu aliyesaini bila kujua kuwa ana adhabu huongezewa ile adhabu peke yake. Anayesema wakubwa wa gofu hawasikii maoni ya watu asome tarehe hizo.

Sasa mlinganishe Reed na Phil Mickelson. Mwaka 2018 huko Shinnecock Hills, mpira wake ukiteremka kwenye grini ya 13 kuelekea pabaya, alikimbia akaupiga ungali unatembea. Alikiri kwamba alijua adhabu ni mikwaju miwili na akaona ni nafuu kuliko kuuacha uende. Siku chache baadaye aliomba radhi. Idadi ya mikwaju ni ile ile ya Reed, lakini kwa maoni yetu lake ni zito zaidi, kwa kuwa aliigeuza kanuni kuwa bei: nalipa, napita. Mchezo unaotegemea mtu kujihukumu hauwezi kuishi na hesabu hiyo.

Uwanja una wenyewe, na saa ina wenyewe

Zamani adabu ya uwanjani iliandikwa pembeni ya kanuni, kama nasaha. Tangu 2019 imo ndani, katika Kanuni ya 1.2: kuwa mwaminifu, kuwajali wengine, kuutunza uwanja. Mwezi wa pili tu wa mwaka huo Sergio Garcia akaonja makali yake huko Saudia, alipoondolewa raundi ya tatu kwa kuziharibu grini kadhaa kwa hasira. Alikubali na kuomba radhi. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linamwumiza asiyehusika. Wewe umekasirikia mkwaju wako, aliye kundi la nyuma yako anasukuma mpira juu ya jeraha ulilochimba.

Kwa uwanja wa kwetu, ambako mvua za Machi na Aprili huifanya ardhi kuwa laini, utunzaji huu ni kazi ya kila shimo. Alama ya mpira ulipotua kwenye grini hurekebishwa kwa kuchoma kijiti pembeni na kuusukuma udongo kuelekea katikati, kisha kubonyeza kwa fimbo ya kusukumia. Wengi hufanya kinyume: huchoma na kunyanyua udongo kutoka chini. Hapo mizizi inakatika na doa la kahawia linabaki kwa wiki. Mchanga wa banka (shimo la mchanga) husawazishwa ukitoka, kuanzia ulipopigia kurudi nyuma, na kipande cha nyasi kilichoruka hurudishwa kwenye shimo lake na kukanyagwa.

Uchelewaji ndio utovu wa adabu unaoigwa haraka kuliko wote, na ni wizi wa muda wa watu. Kanuni ya 5.6 inapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike, na kutafuta mpira kumepunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3. Ukichelewesha bila sababu ni mkwaju mmoja, ukirudia ni miwili, mara ya tatu unaondolewa. Hata hivyo kwenye televisheni tunaona nyota wakitembea huku na huku, wakimwuliza kedi (mbeba mifuko ya fimbo) mara nne, wakisoma daftari la vipimo, na adhabu hazionekani. Aliyepewa mkwaju wa uchelewaji kwenye Masters ya 2013 alikuwa Guan Tianlang, mtoto wa miaka 14 kutoka China. Hatusemi alionewa, alikuwa ameonywa. Tunasema wakubwa wanaochelewa vivyo hivyo walistahili kuonywa na kuandikiwa kama yeye.

Fanya hesabu ya Kampala. Watu wanne, kila mmoja mikwaju 80, kila mkwaju uongezewe sekunde 20 za kuiga mambo ya televisheni: sekunde 6,400, yaani karibu saa moja na dakika 45. Kundi lililoanza saa nane mchana lilipaswa kumaliza saa kumi na mbili na nusu. Huku kwetu penye ikweta jua halingoji, na saa moja na robo giza limeshafunga. Kwa hiyo waliokuwa nyuma hawamalizi mashimo waliyoyalipia.

Hasira, wadhamini na polisi

Fimbo inaporushwa mbele ya kamera, kanuni za alama mara nyingi hazina la kusema. Hakimu ni chombo kinachoendesha mashindano, na silaha yake ni faini. Shida ni kwamba kwa miaka mingi PGA Tour imekuwa ikitoza faini hizo kimya kimya. Kijana anayebeba mifuko Jinja anakiona kitendo kwenye simu yake, lakini bei yake haioni. Anajifunza nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo mbaya. Tunaamini faini itangazwe, kiasi na sababu, kama kadi nyekundu inavyooneshwa mbele ya uwanja mzima.

Mahakama nyingine hazifichi. Wyndham Clark alipoharibu makabati ya vyumba vya kubadilishia nguo huko Oakmont, Juni 2025, klabu yenyewe ilimfungia milango na kumwekea masharti: alipe uharibifu, achangie shirika la hisani, na ahudhurie mafunzo ya kudhibiti hasira. Justin Thomas aliponaswa na kipaza sauti Januari 2021 akitamka tusi dhidi ya mashoga, aliomba radhi, na Ralph Lauren wakamwacha. Mdhamini hahitaji kanuni za gofu, anatazama mkataba wake. Na Scottie Scheffler alipokamatwa alfajiri ya Mei 17, 2024 nje ya uwanja wa Valhalla katika mkanganyo wa magari, hakimu alikuwa dola ya Kentucky, ambayo iliyafuta mashtaka siku 12 baadaye. Wanaomtaja Scheffler katika orodha ya nyota watovu wanamwonea.

Fedha za Saudia ni kesi ya mkataba, kisha ni kesi ya dhamiri

LIV Golf ilianza Juni 2022 karibu na London, ikigharamiwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia. Jina lake ni 54 kwa tarakimu za Kirumi, idadi ya mashimo waliyocheza badala ya 72. Walikuwa wachezaji 48, wote wakianza kwa wakati mmoja, kila kundi katika shimo lake, bila mchujo. Zawadi za shindano la kwanza zilikuwa dola milioni 25. Charl Schwartzel alichukua milioni 4 za ushindi binafsi, na wa mwisho kabisa alipata dola 120,000. Katika mashindano ya kawaida anayechujwa siku ya pili hurudi nyumbani mikono mitupu.

PGA Tour iliwasimamisha waliokwenda, kwa kuwa walicheza kwingine bila ruhusa. Hilo ni suala la uanachama, na ndivyo lilivyoamuliwa Ulaya pia: Aprili 2023 wasuluhishi walithibitisha faini za pauni 100,000 kwa wachezaji wa DP World Tour waliovunja masharti ya ruhusa. Hakuna aliyedanganya alama. Hivyo kumwita mchezaji wa LIV mdanganyifu wa gofu ni kosa, kama ilivyo kosa kumwita msaliti mchezaji wa kulipwa anayefuata mshahara.

Suali la dhamiri liko pembeni, na halifutwi na mkataba. Je, mtu maarufu akubali kuwa pambo la serikali inayoshutumiwa kwa mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi, mwaka 2018? Tunaona swali hilo ni halali, na kila aliyesaini alipaswa kulijibu wazi. Ila wakubwa wa PGA Tour walilitumia kuwabana wachezaji wao mwaka mzima, kisha Juni 6, 2023 wakatangaza makubaliano na mfuko ule ule. Waliokataa mamilioni kwa ajili ya msimamo huo walipata habari pamoja na sisi wengine. Tukipima mwenendo, hao viongozi waliharibu kuliko mchezaji yeyote aliyehama.

Na mashabiki? Ryder Cup, mashindano ya Marekani dhidi ya Ulaya, ya Septemba 2025 huko Bethpage, New York, ilionyesha kinachotokea umati ukiachiwa. Rory McIlroy alitukanwa, mkewe akarushiwa kinywaji, na mshereheshaji aliyeshiriki kuongoza wimbo wa matusi akajiuzulu. McIlroy naye aliwajibu kwa lugha chafu. Hatumhukumu sana kwa hilo. Waliouza tiketi na pombe ndio waliokuwa na wajibu wa ulinzi, na walichelewa.

Yanayotuhusu huku

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Uganda walianza kwa kubeba mifuko. Kwa hiyo mwenendo hapa haupiti darasani, unapita kati ya mchezaji na kedi wake, na kanuni inalijua hilo: kosa la kedi ni kosa la mchezaji. Kedi akiusogeza mpira kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, hakuna adhabu, urudishwe ulipokuwa. Akiusogeza kwa makusudi ili upate mahali pazuri, mwajiri wake anabeba adhabu, na akiucheza akijua umesogezwa anastahili kuondolewa. Mwanachama anayetabasamu mpira unapopatikana juu ya nyasi fupi, mahali ambapo kila mtu aliuona ukizama porini, amemfundisha kijana kazi nyingine kabisa.

Kamati za klabu zetu hulalamika kwamba hazina la kufanya mtu akitukana au kurusha fimbo. Ni kweli, lakini kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Chini ya Kanuni ya 1.2a, mbali na onyo, adhabu pekee ni kumwondoa mtu kwa utovu mkubwa. Kumwondoa mzee wa klabu kwa tusi moja kunaonekana kuzidi, basi hafanywi kitu. Kanuni ya 1.2b inafungua njia ya kati: klabu inaweza kuweka kanuni zake za mwenendo kama kanuni ya mahali, zenye ngazi za adhabu. Onyo kwanza, mkwaju mmoja kosa la pili, miwili la tatu, kuondolewa la nne, na makosa mazito yarukie ngazi ya juu moja kwa moja. Bila karatasi hiyo kupitishwa mapema, mwamuzi hana mamlaka ya kuongeza hata mkwaju mmoja kwa fimbo iliyorushwa.

Karatasi hiyo itaje vitendo kwa majina, kwa sababu neno "utovu wa nidhamu" pekee litaleta ubishi mpya: kurusha fimbo, kupiga grini kwa fimbo, kuacha banka bila kusawazisha, kumtukana kedi. Iseme nani anaruhusiwa kutoa adhabu na mchezaji akate rufaa kwa nani kabla ya kukabidhi kadi. Ibandikwe penye tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia mchezo, kwa Kiingereza, Luganda na Kiswahili, na nakala nyingine ibandikwe kwenye banda la makedi.